Mkono Unaoachia: Mhadhara Juu ya Farasi na Hatamu katika Mapokeo ya Kifaransa



Mkononi nimeshika ukanda wa ngozi. Umelainika na kung'aa pale katikati, mahali vidole vilipoushika miaka nenda rudi. Hii ndiyo hatamu. Wengi wenu hamjawahi kuigusa, lakini neno lenyewe liko midomoni mwenu kila siku. Mtu akipewa madaraka twasema ameshika hatamu. Sisi wa Tanzania tuliokulia enzi za chama kimoja tulisikia redioni, asubuhi na jioni, kwamba chama kimeshika hatamu. Na kila tuliposikia hivyo tulielewa vilevile: anayeshika ndiye anayetawala, na anayeachia kwisha habari yake.

Neno hili limetufikia kwa njia ya bahari. Farasi hawakuwa wengi kwetu. Walivushwa kwa majahazi kuja kwa watawala wa Oman, na Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba la kifalme Unguja walivyofundishwa kupanda. Bara farasi walishindwa kupenya; mbung'o na maradhi ya farasi viliwamaliza njiani. Wanyama wakawa haba, maneno yakaota mizizi: farasi, lijamu, seruji, hatamu, yote yana asili ya Kiarabu. Tukabaki na hatamu bila farasi, tukaipa kazi ya siasa.

Leo nataka niwapeleke Ufaransa, kwa watu waliokaa na hatamu hii mkononi kwa zaidi ya miaka 400, wakiiandikia vitabu, wakigombana juu yake, wengine wakivunjika miguu kwa ajili yake. Walichogundua kinakwenda kinyume na matumizi yetu ya neno hili. Waligundua kwamba kazi kubwa ya mkono ni kuachia, na kwamba kuachia huko kuna wakati wake ambao haukubali kuchelewa hata kidogo.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa mwanafunzi wa tiba ya mifugo magharibi mwa Ufaransa, na Jumamosi nilikuwa nafagia mabanda katika shule ndogo ya farasi ili nilipwe kwa masomo ya kupanda. Siku moja nilipewa jike mmoja wa rangi ya kahawia, mpole kabisa. Kila nilipotaka asimame alizidi kuvuta. Nikavuta, akavuta. Mikono ikaniuma hadi mabegani. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniambia nishuke. Hakunigombeza. Alichukua lijamu nyingine ukutani, ikiwa na hatamu zake, akaniwekea kile chuma kwenye viganja viwili, akaniambia nifumbe macho na mikono yangu iwe ndiyo mdomo wa farasi. Yeye akasimama nyuma yangu na hatamu.

Mwanzoni alikunja vidole tu. Nilihisi, ndugu zangu, kama mtu aliyeguswa begani gizani. Kisha akavuta, polepole, bila kuacha. Bila kufikiri nami nikavuta. Akaongeza, nami nikaongeza. Mara akafungua vidole. Mikono yangu ikashuka yenyewe, na mabega yakashuka pamoja nayo, na pumzi niliyokuwa nimeibana ikatoka. Akaniuliza swali moja: nani alianza kuvuta?

Hapo nilifundishwa kitu ambacho vitabu vya anatomia vilikuwa vimeniambia bila mimi kusikia. Kinywa cha farasi kina pengo. Mbele kuna meno ya kukatia majani, nyuma kuna magego, na katikati ni ufizi mtupu juu ya ukingo mwembamba wa mfupa wa taya. Lijamu hukaa hapo, juu ya ulimi. Kwa hiyo hatamu inaishia kwenye ulimi na mfupa, na farasi mwenye kilo 500 anaweza kuchagua kati ya mambo mawili: kuvutana nawe, na atashinda, au kuuzoea uchungu mpaka kinywa kiwe kigumu kama gogo. Kuna njia ya tatu, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia. Farasi anaguswa, analegeza taya, ulimi unachezacheza kama anayemeza, na papo hapo mkono unafunguka. Wafaransa wanauita huo kulegea kwa taya. Taya ikilegea, shingo hulegea. Shingo ikilegea, mgongo nao. Anayetaka kujua kama farasi amekubali hatazami miguu kwanza. Anasikiliza kinywa, maana chuma kikichezewa na ulimi hutoa mlio mdogo, kama funguo mfukoni.

Sasa haya yote ni ya nini? Mafunzo haya huitwa dresaji, na watu wengi wanaoyaona kwenye televisheni hudhani ni kumchezesha farasi ngoma. Asili yake ni tatizo la uzito. Farasi akisimama malishoni, sehemu kubwa ya uzito wake, karibu asilimia 60, iko juu ya miguu ya mbele. Ukimkalia, unaongeza mzigo pale palipokwisha kulemewa. Mafunzo ni kumsaidia, kwa miaka, akunje viungo vya miguu ya nyuma na kuiingiza chini ya tumbo, ili nyuma ibebe zaidi na mbele pawe pepesi. Kilele chake kimojawapo ni piafe: farasi anakwenda mchakamchaka bila kusogea, miguu ikinyanyuka kwa jozi za mkingamo, makalio yameshuka, shingo imeinuka. Kwa askari wa zamani jambo hili halikuwa pambo. Farasi anayejibeba hivyo hugeuka upesi, husimama upesi, na miguu yake hudumu.

Njia ya kufika huko ndiyo iliyoleta ugomvi. Mwaka 1550 huko Napoli, Italia, Federico Grisone alichapisha kitabu kilichosomwa Ulaya nzima. Ndani yake kuna ushauri wa kumpapasa farasi na kumsifu, na kando yake kuna adhabu ambazo nimeona vigumu kuzisoma hadi mwisho. Vijana wa kikabaila kutoka Ufaransa walivuka milima ya Alps kwenda kujifunza huko. Mmoja wao, Antoine de Pluvinel, alisoma kwa Giovanni Battista Pignatelli, akarudi, na mwaka 1594 akafungua chuo mjini Paris ambako vijana walifundishwa farasi pamoja na kucheza dansi, hisabati na adabu za ikulu. Alimfundisha mfalme Louis XIII angali kijana, na kitabu chake, kilichotoka mwaka 1623 baada ya kifo chake, kimeandikwa kama mazungumzo na mfalme huyo.

Pluvinel alishauri mjeledi uwe wa mwisho na mkono wa kupapasa uwe wa kwanza, na kwamba ubongo wa farasi ufanyishwe kazi kuliko miguu yake. Mimi husimama kila nikifika hapo. Mwalimu wa mfalme, katika karne ya vita vya dini, nchi imejaa damu, anamwambia kijana atakayetawala kwamba kiumbe aliye chini yake ana akili, na kwamba akili hiyo ndiyo ya kuzungumza nayo. Alitumia nguzo mbili, farasi akafungwa katikati, na wengine waliomfuata wakazigeuza nguzo hizo kuwa mahali pa mateso. Chombo hakina huruma chenyewe.

Karne moja baadaye alikuja yule ambaye mimi namhesabu kuwa mwalimu wa walimu. François Robichon de La Guérinière alizaliwa mwaka 1688 na kuanzia 1730 hadi kufa kwake mwaka 1751 aliongoza ukumbi wa farasi wa mfalme kwenye bustani za Tuileries, Paris. Kitabu chake, École de Cavalerie, kilichokamilika mwaka 1733, mpaka leo ndicho msingi wa shule maarufu ya farasi ya Vienna, Austria. Ni kitabu cha mtu asiyependa mafumbo. Alichukua zoezi ambalo Mwingereza, Duke wa Newcastle, alilifanya kwenye duara, akalinyoosha kando ya ukuta. Farasi anakwenda mbele, mwili umepinda kidogo kama upinde, mabega yakiingizwa ndani kutoka ukutani, na mguu wa nyuma ulio upande wa ndani unapita chini ya mzigo. Zoezi hilo linaitwa bega ndani. Mpinde huo mdogo unafungua kifundo cha nyonga upande mmoja, kisha upande wa pili, na farasi mkakamavu hatua kwa hatua anakuwa laini. Wanafunzi wangu huniambia methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Kwa farasi, jihadharini nayo: mifupa ya uti wa mgongo wake hukomaa akiwa na umri wa karibu miaka 5 au 6, na mabingwa wengi wameharibu farasi wa miaka 3 kwa kuwa alikuwa anakunjika vizuri.

Ila zawadi kubwa ya La Guérinière ni jingine. Aliandika juu ya kushusha mkono. Farasi akiwa amejipanga vizuri, katika piafe au katika mwendo wowote, mpandaji anashusha mkono na kulegeza vidole. Hatamu zinaning'inia. Na farasi anaendelea vilevile. Nimeliona hili kwa karibu mara moja tu, ukumbini asubuhi ya baridi, mvuke ukipanda kutoka mbavuni mwa farasi wa kijivu. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Mchanga ulikuwa unapigwa kwa mapigo sawasawa, mpandaji akafungua vidole, ngozi ikalegea ikafanya tao chini ya shingo, na mapigo hayakubadilika. Sikio moja liligeuka nyuma, likakaa hapo. Hakuna aliyekuwa anamshika. Alikuwa anafanya kwa sababu ameelewa, na kwa sababu mwili wake ulikuwa umewezeshwa kufanya bila kuteseka. Hapo ndipo mwalimu anajua kama amefundisha au amelazimisha, maana kilicholazimishwa huanguka mara mkono unapoondoka.

Niwaambie habari ya ukumbi ule wa Tuileries. Mapinduzi yalipokuja, mnamo Novemba 1789, Bunge la Ufaransa lilihamia humo, kwa kuwa ulikuwa mrefu na ulikuwa tupu. Wabunge walikaa mahali ambapo La Guérinière alisimama na wanafunzi wake. Humo ndimo ufalme ulifutwa Septemba 1792, na humo mfalme Louis XVI alishtakiwa na kuhukumiwa kifo. Ukumbi huo haupo tena, lakini mimi nikipita eneo lile, siku zote nafikiria kwamba chini ya paa moja watu walifundishwa namna ya kuachia hatamu, kisha wengine wakagombania namna ya kuzishika.

Shule ya farasi ya kifalme huko Versailles nayo ilifungwa kabisa mwaka 1830. Kilichobaki kilihamia Saumur, kando ya mto Loire, kwenye shule ya wapanda farasi wa jeshi. Walimu wake waliovaa nguo nyeusi wakaja kuitwa Cadre Noir, Kikosi Cheusi. Mmoja wao, Xavier Lesage, alitwaa dhahabu ya dresaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932. Mwaka 1972 kikosi kikawekwa chini ya shule ya taifa ya kiraia, na mwaka 2011 UNESCO iliingiza upandaji wa mapokeo ya Kifaransa kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nafurahi kwa hilo. Lakini urithi unaweza kuwekwa kwenye orodha na bado ukafa mikononi mwa watu, na ninayo sababu ya kusema hivyo.

Nendeni kwenye mashindano ya leo, popote duniani. Tazameni mkanda unaozunguka pua ya farasi. Kanuni ya zamani ni kwamba vidole viwili vya mtu mzima vipite chini yake kwa raha. Kwa miaka mingi tumeona mikanda iliyokazwa hadi hata kidole kimoja hakiingii. Kwa nini? Kwa sababu kinywa kilichofungwa hakifunguki, na kinywa kisichofunguka hakimshtaki mpandaji mbele ya waamuzi. Ule mlio mdogo wa ulimi niliowaeleza unanyamazishwa. Farasi anatolewa ushahidi mdomoni. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lilikemea mwaka 2010 tabia ya kukunja shingo ya farasi kwa nguvu hadi kidevu kigote kifuani, na mwaka 2025 lilianza kutumia kifaa cha kupimia mikanda ya pua. Ni hatua njema. Inaniumiza tu kwamba kifaa kimehitajika. Kwa wafuasi wa La Guérinière kinywa kilikuwa kipimo cha kwanza cha kazi nzima, na sisi tumefika mahali pa kukipimia kamba.

Nimemruka mtu mmoja kwa makusudi, ili nimalizie naye.

François Baucher alizaliwa Versailles mwaka 1796. Hakuwa kabaila wala afisa. Alipata jina kwenye sarakasi za Paris, akipanda farasi walioshindikana kwa wengine. Mmoja wao, Partisan, wa damu ya mbio, alikuwa ametupwa na wenyewe kama farasi asiyepandika. Mbele ya umati uliolipa kiingilio, Baucher alimfanya kwenda kama maji. Mwaka 1842 alichapisha njia yake, ikagawa nchi pande mbili. Alifundisha kwamba nguvu za asili za farasi ni za kuvunjwa kwanza: mkono na miguu ya mpandaji vikifanya kazi kwa pamoja, kimoja kikisukuma na kingine kikizuia, mpaka farasi asiwe na upinzani wowote. Alikuwa na ustadi wa ajabu, na katika mikono yake ilifaulu. Katika mikono ya wengine farasi walizimika. Jeshi liliijaribu njia yake likaikataa. Mpinzani wake, Comte d'Aure, alisema farasi apelekwe mbele, nje, mashambani, na watu walichagua upande kama wanavyochagua timu ya mpira.

Mwaka 1855, akijiandaa kupanda farasi ndani ya sarakasi, taa kubwa ya darini ilimwangukia. Mguu wake ulipondwa. Hakuonekana tena mbele ya umati. Mtu aliyejenga kila kitu juu ya nguvu za miguu yake sasa hakuwa nazo.

Angeweza kukaa na sifa zake. Badala yake alianza upya, akiwa na umri wa karibu miaka 60, na sehemu kubwa ya aliyoyaandika akaigeuza. Kanuni yake mpya ilikuwa mkono bila miguu, na miguu bila mkono. Yaani usimwambie kiumbe aende na asimame kwa wakati mmoja. Omba jambo moja, subiri, na ukipewa, acha. Akarudia lijamu nyepesi, ile ya kawaida isiyo na vyuma vya kukabia. Nimesoma wanaodai kwamba ajali haikumbadilisha, kwamba mawazo hayo yalikwisha kuanza kabla. Huenda yalikwisha kuanza. Lakini mimi naamini mwili uliovunjika ulimfundisha kile ambacho mwili wenye nguvu ulimficha, na silioni hilo kuwa aibu kwake. Ndivyo alivyokuja kuwa pia kapteni Étienne Beudant, miaka mingi baadaye, aliyefuata njia hiyo ya pili huko Afrika Kaskazini. Farasi wake aliyevuma alifunzwa Moroko na aliitwa Mabrouk, jina ambalo sisi tunalitamka Mabruki na tunao wajomba wanaolibeba. Maanguko yalimlemaza Beudant, na kadiri nguvu zilivyompungukia ndivyo alivyoomba kidogo na kungoja zaidi.

Baucher alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Alexis L'Hotte, afisa kijana aliyekutana naye mjini Lyon mwaka 1849. L'Hotte alifanya jambo ambalo karibu hakuna aliyethubutu: alisoma kwa Baucher na kwa d'Aure pia, akawaheshimu wote wawili, akawa mkuu wa walimu wa Saumur, na mwishowe jenerali. Kwake tumepata maneno matatu ambayo bado yanafundishwa Saumur: utulivu, kwenda mbele, unyoofu, kwa mpangilio huohuo, utulivu ukitangulia.

Baucher alikufa Machi 1873. Siku chache kabla, L'Hotte alikwenda kumuaga. Mgonjwa alikuwa kitandani, dhaifu, na mazungumzo yakarudi kwenye farasi kama kawaida yao. Akauchukua mkono wa mwanafunzi wake, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye cheo, akaukunja vidole kama unaoshika hatamu, akaubana ndani ya mkono wake, ukatulia pale, haupandi wala haurudi nyuma. Akamwambia kwamba iwe hivyo, siku zote. Kisha akauvuta mkono uleule kuelekea kifuani mwa L'Hotte, kama afanyavyo mpandaji anayemvuta farasi, akamwambia kwamba hivyo, kamwe.